Dengu za Mtu Mmoja

Viniana wa ng'ambo ya mtaro anasema sufuria ya presha ya Bi Dhanraji ilipaa. Anasema alikuwa anaanika nguo, akasikia mlipuko kama wa gurudumu la lori la miwa, akainua macho na kuuona mfuniko ukitoboa bati. Ukapita juu ya mpapai, ukampiga ndege mmoja aliyekuwa akijiendea zake, kisha ukaanguka katikati ya miwa ya Setareki, mumewe, ambako haujaonekana hadi leo. Kila anapoisimulia, ndege huongezeka. Kwa wauza mboga wa soko la Labasa walikuwa wawili. Kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa walifika wanne.

Ukweli ni kwamba mfuniko haukwenda popote. Kilichoruka ni kizibo cha usalama, ambacho nacho hakikuwa kizibo. Kile cha asili kilipokatika mwaka juzi, Bi Dhanraji alichonga kingine kutoka kisigino cha kandambili, na mpira wa mfuniko alikuwa ameukata kwenye tyubu ya baiskeli ya marehemu Gajadhar, mumewe. Asubuhi ile ganda la dengu liliziba tundu la mvuke, kisigino kikatoka mbio, na dengu nusu nzima zikaenda kukaa darini. Zilizobaki zilimpata mkono wa kushoto, kuanzia kiwikoni hadi kwenye bangili.

Nesi wa zahanati alimfunga bendeji, akamwambia kwamba mtu wa umri wa miaka sitini na sita angefaa kupikiwa. Bi Dhanraji akamjibu kwamba hata yeye angependa sana, ila anayeishi naye ni yeye mwenyewe, na huyo ndiye mpishi.

Mkono ulianza kupona vizuri. Kisichopona kilikuwa habari. Ilivuka bahari kwa simu pamoja na ndege wake wanne, ikafika Brisbane, na siku ya tisa Avneel, mwanawe wa pekee, akashuka kwenye teksi mbele ya nyumba akiwa na begi moja la mkononi.


Alikuwa hajafika Bulileka, kijijini kwao, kwa miaka minne. Alikula, akasifu chatne ya nyanya, akauliza kwa nini mpapai umekonda. Kisha akatazama dari kwa muda mrefu. Lile doa la manjano lilikuwa kubwa kama sinia.

Akaanza kusema, na ilionekana maneno ameyapanga tangu kwenye ndege. Alisema imetosha. Alisema mama hawezi kuendelea kuishi peke yake katika nyumba ya mbao pembeni ya miwa. Muda wa kodi ya ardhi uliobaki warudishiwe wenye ardhi, vitu viuzwe, yeye aende Brisbane. Habari za makaratasi alikwisha uliza. Bi Dhanraji aliendelea kusukuma chapati kwa mkono mmoja, ule mzima, na chapati zilikuwa zinatoka na umbo la visiwa. Akamuuliza mwanawe, huko Brisbane bamia hupandwa mwezi gani.

Avneel akasema huko bamia hununuliwa.

Bi Dhanraji akasema kwamba yeye alizaliwa Bulileka, akaolewa Bulileka, akauchoma mwili wa marehemu mumewe kwenye ukingo wa mto ule pale, na hajawahi kununua bamia.

"Mama, tatizo si nyumba," alisema Avneel. "Tatizo ni moto. Uko peke yako na unachezea moto."

"Basi tuondoe moto. Mimi nibaki."

Avneel alikuwa hajatarajia jibu la namna hiyo. Walibishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe wakafikia mapatano. Mtungi wa gesi utarudishwa dukani. Itanunuliwa presha kuka ya umeme, ile isiyo na mwali, inayojizima yenyewe. Avneel atamwonyesha, kisha ataondoka kwenda Savusavu kwa mjomba siku mbili, amwache apike peke yake. Akirudi akakuta mambo yako sawa, atapanda ndege mwenyewe na maneno ya kuhama yataisha. Likitokea lolote, mama atafunga sanduku.

"Lolote," Avneel alisisitiza.

"Lolote," mama akakubali, na wakapeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.


Jumatatu waliingia mjini. Malori ya miwa yalikuwa yamepanga foleni hadi darajani, na kiwanda kilikuwa kinatoa ile harufu yake ya sukari iliyoungua, kwa hiyo ndani ya duka la vyombo vya umeme, palipokuwa na kiyoyozi, palionekana kama nchi nyingine. Muuzaji alikuwa msichana aitwaye Shaleshni, mwenye kucha za rangi ya fedha. Presha kuka za umeme zilijaza rafu nzima, kuanzia ndogo ya kukumbatiwa hadi moja ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto.

Bi Dhanraji alivaa sari yake ya kwendea benki. Shaleshni alimwamkia kwa adabu, na baada ya hapo akawa anazungumza na Avneel. Alimuuliza Avneel kama bibi anajua kusoma, kwa maana vitufe vimeandikwa Kiingereza. Akamuuliza kama bibi ni msahaulifu. Bi Dhanraji alipogusa mfuniko wa ile inayong'aa zaidi, msichana alipafuta kwa kitambaa palipoguswa, bila ubaya wowote, kama mtu anavyofuta meza. Bi Dhanraji akaurudisha mkono ndani ya sari.

"Ya kupikia watu wangapi, kaka?"

"Mmoja," alisema Avneel.

Shaleshni akasema basi wachukue hii ya lita sita, kwani bei yake imeshushwa wiki hii, na mtu mmoja leo, kesho hupata wageni. Ina vitufe kumi na vinne. Kuna cha keki, kuna cha maziwa ya mgando, kuna hata cha kuchemsha mayai. Bi Dhanraji aliuliza kama kuna cha dengu. Msichana akazungusha ile mashine, akatafuta kwa ukucha, akasema dengu atabonyeza cha supu.

Hapo Avneel akaingilia, na alipoanza hakusimama.

"Lita sita hazimfai mtu wa peke yake," alisema. "Presha haipandi mpaka utie maji vikombe viwili, sasa zile dengu zako za kiganja kimoja zinaogelea humo kama zimepotea. Ukitaka ziwe nzito inabidi upike kikombe kizima. Halafu utazila Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na Alhamisi ukifungua friji zinakutazama. Lita tatu zinatosha. Na sufuria ya ndani iwe ya chuma kitupu, maana hii nyeusi ukiungia vitunguu humo kwa mwiko wa chuma inabanduka. Tena mpira wa mfuniko ununue wa akiba leo hii. Ule wa kwanza unashika harufu, utapika wali mtupu unanukia samaki wa juzi."

"Kumbe wifi yetu anakula raha," alisema Shaleshni. "Mume anajua mpaka harufu ya mpira."

Avneel akacheka kidogo, akajifanya anasoma karatasi ya dhamana.

Bi Dhanraji hakucheka. Alikuwa anamtazama. Huyu ndiye aliyechemsha yai bila maji akiwa na miaka kumi na minane, na nyumba nzima ikakimbilia nje. Huko Brisbane ana mke, Roshika, na mabinti wawili. Hivyo ni vinywa vinne. Kikombe cha dengu kwa vinywa vinne hakiioni Jumanne, seuze Alhamisi. Aliikunja hesabu hiyo taratibu, akaiweka mahali, na akageukia rafu.

Aliomba apewe nafasi aziinue moja moja, kwa mkono wa kulia tu, sufuria ya ndani ikiwa na maji. Shaleshni akasema maji hayaruhusiwi dukani. Bi Dhanraji akasema basi amletee kitu chenye uzito wa maji. Wakatumia chupa mbili za sabuni ya maji kutoka kaunta, na wateja wengine wakasogea kutazama. Ile ya lita tano ilimshinda mkono. Ya lita nne aliiinua, akaitua haraka. Ya lita tatu aliinua, akaizungusha, akaishusha polepole kama mtu anayemlaza mtoto.

Za lita tatu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na uso wa kioo wenye picha na taa, na Avneel aliipenda. Nyingine ilikuwa imesukumwa nyuma kabisa, haina boksi, na badala ya vitufe ilikuwa na kirungu kimoja cha kuzungusha. Shaleshni alieleza kwamba hiyo ni ya zamani, imekaa pale kwa maonyesho, hata yeye hajui kama inafaa kuuzwa. Bi Dhanraji alifumba macho na kuzungusha kile kirungu. Kila dakika tano kiligota chini ya kidole, tak.

"Hii," alisema.

"Mama, hiyo haina hata taa ya kuonyesha dakika."

"Taa nitaisoma kwa miwani gani? Hii ninaisikia kwa kidole."

Aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, umeme ukikatika katikati ya mapishi itakuwaje. Shaleshni alijibu kwamba mfuniko utabaki umejifunga mpaka mvuke uishe, na ule msumari mdogo wa juu ukishuka, ndipo afungue. Jibu hilo likampendeza. La pili, dengu zikiiva itapiga miluzi mingapi.

Msichana akacheka kwa mara ya kwanza kama binti wa nyumbani. Alisema hizi za umeme hazipigi mluzi, bibi. Zikimaliza, kirungu kinalia ting mara moja, basi.

"Sasa nitajuaje zimefika wapi?"

"Huna haja ya kujua. Yenyewe inajua."

Avneel alikwisha toa kadi. Bi Dhanraji akafungua leso, akatandaza noti alizopata kwa kuuza bamia juu ya kaunta moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa za dola tano zenye mkunjo mdogo kama majani makavu. Watu wawili waliokuwa nyuma yao wakahamia foleni nyingine. Avneel alitazama mlangoni. Shaleshni alihesabu mara mbili, akapunguza kumi kwa ajili ya boksi lisilokuwepo, akaongeza mpira wa akiba bure.


Alasiri Avneel alimfundisha. Wakapika wali wa kiganja kimoja ukatoka punje punje, na hata yeye akakiri kwamba kirungu kina akili. Saa kumi na moja akapanda basi la Savusavu. Aliagana na Viniana pale kituoni, na kabla ya hapo alimwagiza mama afunge mlango kwa komeo, maana msimu wa kuvuna miwa huleta sura nyingi ngeni.

Kuna jambo ambalo Avneel, kwa kukaa mbali miaka kumi na sita, hakulijua.

Tangu Gajadhar afariki, watu wa ng'ambo ya mtaro walikuwa wanaishi kwa sufuria ya Bi Dhanraji. Saa kumi na mbili asubuhi ilipiga mluzi mara tatu. Huo ulikuwa mluzi wa dengu. Wa kwanza ukilia, Setareki alivaa buti za shamba. Wa tatu ukilia, Viniana alifungua banda la kuku. Siku za njugu mawe ilipiga saba, na siku ya mbuzi, ambayo ilikuja kwa nadra, watu waliacha kuhesabu wakameza mate. Lakini zaidi ya saa, miluzi mitatu ilikuwa na maana moja ambayo hakuna aliyewahi kuitamka: Shangazi kaamka, Shangazi yuko sawa. Mwaka ule alipougua homa na sufuria ikachelewa, Viniana alikuwa mlangoni na chai ya mchaichai kabla ya saa moja.

Baada ya ajali alikuwa anakuja mwenyewe kila asubuhi kuangalia bendeji. Kisha alipofika Avneel akaacha, kwa vile mtoto wa nyumba yupo.

Sasa ikawa Jumanne, na Jumanne ni siku ya kumsalia mungu Hanumani. Bi Dhanraji huoga alfajiri, huketi kwenye mkeka mbele ya picha na maua yake, na tangu anapoketi hadi anapopiga kengele ya mwisho hasemi na kiumbe. Gajadhar alishawahi kusimama nje kwenye mvua saa nzima na ufunguo ukiwa ndani. Miaka yote, dengu zilichemka wakati yeye anasali, na sufuria ndiyo iliyomjibia majirani. Asubuhi hiyo aliosha dengu za kiganja kimoja, akazungusha kirungu mara nne, tak tak tak tak, akaketi.

Saa kumi na mbili ikapita. Setareki alikuwa amekaa kitandani na buti moja mkononi. Saa kumi na mbili na robo Viniana alivuka mtaro. Aliita, "Shangazi." Kimya. Akaita tena kwa jina, jambo ambalo halifanyi. Kimya. Akasukuma mlango, komeo likagoma. Akazunguka dirishani, akachungulia penye upenyo wa pazia, akaona mguu mmoja umetulia sakafuni.

Simu ya Avneel kule Savusavu ilipokelewa mara moja. Viniana alisema maneno matatu tu, "Mama yako hajapiga," akakata, na Avneel akabaki ameshika simu bila kujua mama hajapiga nini.

Setareki alikuja na bega lake. Mlango wa mbao iliyopigwa jua miaka thelathini haukumpa kazi, ulilala chini pamoja na bawaba zake na kipande cha fremu. Wakaingia wote wawili kwa kishindo. Bi Dhanraji alikuwa ameketi palepale kwenye mkeka. Alifumbua jicho moja, akawatazama, akanyoosha kidole kimoja juu kwamba wangoje, akalifumba tena.

Wangefanya nini. Viniana alipiga magoti nyuma yake, akaanza kulia na kumshukuru Yesu kwa sauti, na kwa dakika kama tano chumba kile kikawa na sala mbili. Setareki alisimama ameshika kitasa ambacho hakikuwa na mlango.

Kengele ya mwisho ikalia. Bi Dhanraji akageuka.

"Mmekula?"

Dengu zilikuwa zimeiva zamani. Zilitosha bakuli moja, wakazigawana watatu kwa chapati za jana. Viniana, machozi yalipokauka, alianza kuwa mkali. Alitaka kujua ni sufuria gani hii inayopika kama mwizi.


Avneel alifika saa sita mchana kwa teksi, kutoka Savusavu yote ile, shati amelivaa nje ndani. Hakuutazama mlango. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa mama aliyekuwa akichambua mchicha barazani, akamshika kichwa, akamshika mkono wenye bendeji, akamshika kichwa tena. Alipohakikisha ni mzima, ndipo akauona mlango, na ile hofu yote ikageuka hasira.

Bi Dhanraji alimweleza yaliyotokea toka mwanzo, bila kuruka. Alisema presha kuka haina kosa, imepika vizuri, hakuna aliyeungua. Alisema Setareki amekwenda kutafuta misumari na mlango utasimama leo leo. Avneel alimsikiliza huku akitembea, hatua nne kwenda na nne kurudi, akiruka ule mlango kila mara.

"Tulisema lolote, Mama."

"Tulisema."

"Jirani alidhani umekufa. Unaishi mahali ambapo watu wasiposikia sufuria wanavunja nyumba."

"Ndiyo," alisema Bi Dhanraji. "Ninaishi hapo."

Aliendelea na mchicha wake. Jani la manjano upande huu, jani la kijani upande ule. Kisha, bila kuinua uso, akamuuliza:

"Na wewe? Ukinyamaza asubuhi moja huko kwako, nani atavunja mlango?"

"Roshika yu..."

"Kikombe cha dengu siku nne, mwanangu. Nilikuwa nimesimama pale dukani."

Avneel alisimama, mguu mmoja upande huu wa mlango na mwingine upande ule. Baadaye akakaa juu yake, juu ya zile mbao, kama mtu aliyekaa kwenye mtumbwi.

Aliyasema akiwa anatazama sakafu, na mahali pengine alitia mzaha, kwa sababu bila mzaha yasingetoka. Ni miezi kumi na minne sasa. Roshika yuko upande mwingine wa jiji na mabinti, na yeye huwachukua Jumamosi moja na kuiacha nyingine. Hawagombani, hata simu hujibiana vizuri, kama watu wa ofisi mbili. Amepanga chumba juu ya duka la matairi. Presha kuka yake ni ya lita sita, aliinunua kwa kuwa ilishushwa bei, na ukutani amebandika karatasi yenye vipimo vya mtu mmoja ambavyo alivipata kwa kukosea. Mwaka jana aliugua mafua siku nne. Mtu pekee aliyemtafuta ni msimamizi wa ghala, aliyetuma ujumbe kuuliza kama atakuja zamu ya Ijumaa au aitwe mwingine.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja ifike mahali pa kusemeka."

Bi Dhanraji alikwisha maliza mchicha, lakini vidole vyake bado vilikuwa vinachambua. Alimuuliza wajukuu wanakula nini siku hizo za Jumamosi. Avneel akasema wanapenda wali wake, wanasema una harufu ya samaki. Wakacheka kidogo wote wawili.

Setareki akatokea kona ya nyumba na nyundo, bawaba moja mpya, na kopo la misumari. Alikuwa amesoma darasa moja na Avneel, na kwa aibu ya asubuhi alisalimia huku anatazama mpapai. Akagawa kazi. Avneel anyanyue mlango na kuubana kwa bega upande wa nje. Bi Dhanraji ashike ukingo kwa mkono mzima usije ukacheza. Misumari, kwa kuwa hakukuwa na mkono mwingine wa kuishika, Bi Dhanraji aliiweka minne midomoni, vichwa vikiwa nje, na Setareki akawa anaichomoa mmoja mmoja.

Mlango ukasimama kati ya mama na mwana. Uso wa Avneel ulikuwa umbali wa shubiri moja na wa mama yake, upande wa pili wa mbao, penye upenyo. Msumari wa kwanza uliingia.

"Nilisingizia mkono," alisema Avneel kwa sauti ya chini. "Si mkono, Mama. Wala si moto."

Setareki akachomoa wa pili. Alipiga nyundo kwa nguvu kuliko mbao ile ilivyohitaji, kama mtu anayetaka kuziba masikio yake mwenyewe.

"Nyumba tusiiguse. Bamia Viniana atazimwagilia, nimemwona anazipenda. Mwaka mmoja tu. Njoo ukae na mimi."

Wa tatu ukaingia. Ukapinda kidogo, Setareki akaunyoosha, akaupiga tena, akaurudia hata ulipokuwa umezama. Halafu hakukuwa na cha kupiga. Kwenye miwa upepo ulikuwa umetulia. Avneel alikuwa bado amebana mlango kwa bega, ingawa sasa ulikuwa unajisimamia wenyewe.

"Mama," alisema.

Setareki alinyoosha mkono, kiganja wazi, kuomba wa mwisho. Bi Dhanraji alimtazama mwanawe kupitia ule upenyo, na msumari wa nne ukabaki palepale, umebanwa katikati ya midomo.